Meli Iliyokwisha Kukatwa

Nyumbani
9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tuko salama. Goti la bibi linaendelea kutabiri mvua na kukosea, ila yeye anasema goti halijakosea, ni mvua ndiyo imekosea. Anauliza kama unakula. Amenitaka swali hilo niliweke mwanzoni kabisa ili usijifanye hukuliona.

Mama bado yuko kwenye duka la mkate. Sasa wanaoka mara moja tu kwa siku, kwa sababu unga umepanda tena. Mwenye duka hakupandisha bei ya mkate, aliupunguza mkate wenyewe. Wateja wanaupima mkononi halafu wanamtazama mama kana kwamba yeye ndiye aliyeuuma njiani.

Sasa nije kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Mwalimu wetu wa jiografia ametupa kazi ya mwaka mzima. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja cha nyumbani kilichopanda bei, akifuate kurudi nyuma hadi kinakotoka, na aeleze ni nani duniani aliyegombana na nani hata kikapanda. Mwenzangu wa dawati amechagua sabuni. Mimi nimechagua mkate. Mwalimu akasema mkate una ngano, ngano ina meli, meli ina mafuta, na mafuta yana mlango-bahari mmoja mwembamba ambao wenye manowari wanaufunga na kuufungua wanavyotaka. Hapo nikakukumbuka wewe, maana uko ndani ya meli ya mafuta.

Shuleni kuna kompyuta inayoonyesha meli za dunia nzima, kila moja nukta ndogo inayotembea. Mwalimu anasema kila meli hupewa namba siku inapoundwa, na namba hiyo inabaki nayo mpaka mwisho hata ikibadilishwa jina, kama mtu anavyobaki na vidole vyake. Tafadhali nitumie namba ya meli yako. Nitakuwa nakuona kila Ijumaa, kipindi cha mwisho.

Na mbona simu yako haipatikani? Mama anasema baharini hakuna mtandao. Mwaka jana ulikuwepo.

Leo nimepita chini ya ubao wa duka la mkate. Herufi zako bado ni nzuri kuliko zote mtaani, ila mkia wa R katika FURAHA umeanza kupauka. Kinyozi anasema tangu fundi wa mabango akimbilie baharini, mtaa huu unaandikwa na watu wenye homa.

Mpwa wako akupendaye.


Baharini
6 Machi

Profesa,

Marahaba. Mwambie bibi yako ninakula. Mpishi wetu anapika kitu kimoja kwa majina saba tofauti, kwa hiyo wiki nzima tunakula vizuri kwa masikio. Na mwambie mama yako ajitahidi kukaa wakati unga unaumuka. Namjua dada yangu, atasimama hata kama kiti kinamwita.

Simu zimekusanywa. Nahodha ameziweka kwenye kabati la chuma ofisini mwake, anasema ni kwa usalama, siku hizi simu moja ikiwashwa inaweza kuuambia ulimwengu mahali tulipo. Ndiyo maana tumerudi kwenye karatasi, kama babu zetu. Barua zinaondoka na mashua ya maji ya kunywa, inazipeleka kwa wakala, wakala anazipeleka posta. Zikichelewa usinune.

Kazi yangu ni ileile, kupaka mafuta mashine na kusikiliza. Mashine ikiumwa inabadilisha sauti kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Kwa sasa hatuendi popote. Tumetia nanga katikati ya maji, tunangoja meli nyingine ije tuunganishe mipira mikubwa ya kupitishia mafuta, tuijaze, iondoke. Ikija, mabaharia wake hawatupungii mkono. Nimewahi kuishi mtaa mmoja na watu wa namna hiyo lakini walau mbwa wao alikuwa anabweka.

Nikupe habari ya kuchekesha. Nahodha amegundua kwamba zamani nilikuwa fundi wa mabango. Wiki iliyopita nilishushwa kwa kamba nyuma ya meli, nimekaa kwenye ubao kama mtoto kwenye bembea, nikaambiwa nifute jina na kuandika jingine. La zamani lilikuwa jina la ua. Sasa tuna jina la nyota. Na namba iliyo chini yake nayo nikaambiwa niibadilishe. Nikauliza kwa nini. Nahodha akasema meli imeuzwa. Hongera kwa aliyenunua, sijamwona.

Namba uliyoomba ni hiyo mpya, nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukituona kwenye kompyuta utupungie mkono.

Mjomba.


Nyumbani
28 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Bibi amefurahi kwamba unakula, ingawa amesema hilo la majina saba halikumridhisha. Mama hajambo. Nimemwambia akae wakati unga unaumuka, akaniuliza nani amenituma.

Ijumaa niliandika namba yako kwenye kompyuta. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Ilikuja picha ya meli kubwa iliyolala ufukweni, imekatwa katikati. Ile nusu ya nyuma ilikuwa wazi kabisa, vyumba vinaonekana kimoja juu ya kingine kama nyumba iliyoondolewa ukuta. Chumba kimoja kilikuwa bado kina pazia. Chini ya picha paliandikwa kwamba meli hii yenye namba hii ilivunjwa na kuuzwa vyuma chakavu. Ni zamani, Mjomba. Nilikuwa bado sijaanza shule.

Nilidhani nimekosea kuandika. Mwalimu akaweka kikombe chini, akaiandika mwenyewe, akasoma tarakimu moja moja kutoka kwenye karatasi yako. Ikaja picha ileile.

Halafu akafungua ramani, na nukta ilikuwepo. Ilikuwa inatembea. Lakini haikuwa baharini, ilikuwa nchi kavu, juu ya uwanja wa ndege, inazunguka duara, inarudi, inazunguka tena. Msichana wa nyuma yangu akasema, "Mjomba wako kapata kazi ya rubani," na darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alitueleza kwamba karibu na vita mawimbi ya setilaiti yanavurugwa, ndiyo maana meli zinaonekana mahali ambapo hazipo. Kengele ilipolia akanizuia mlangoni akanieleza na lile jingine. Alisema kuna meli ambazo nchi kubwa zimezipiga marufuku kubeba mafuta, na wenyewe wakitaka ziendelee kufanya kazi, wanazivalisha namba ya meli iliyokufa. Hakuna anayemfuatilia maiti, alisema, halafu akaniomba radhi kwa kutumia neno hilo.

Nikamuuliza: meli kama hiyo ikizama? Akasema haina bima ya kweli, haina nchi ya kweli, na waliomo hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Alichukua kikombe chake akasema chai imepoa.

Mjomba, mimi sitaki tena kukuona Ijumaa. Nataka ushuke. Mashua ya maji ikija, huwezi kurudi nayo?

Sijamwambia mama. Aliniuliza kwa nini sijamaliza chakula, nikasema nina mtihani.

Mpwa wako.


Baharini
2 Mei

Profesa,

Marahaba. Barua yako imefika imefunguliwa na kubandikwa tena kwa utepe ambao si wa kwenu. Huenda ni unyevu. Baharini unyevu unafanya mambo mengi.

Nafurahi kusikia wote wazima. Hapa joto ni la kukaangia. Tunacheza karata, na fundi wa umeme anaiba waziwazi, akikamatwa anasema alikuwa anatufundisha.

Kompyuta yenu imekosea. Karani mmoja mahali fulani alikuwa na usingizi. Mimi nimeishika meli hii kwa mikono yangu, inachoma, ina kutu, inavuja, na kitu kilichokufa hakivuji. Kwa hiyo weka moyo wako mahali pake. Kuhusu kushuka, hati zetu za safari nazo ziko kwenye kabati la chuma. Mkataba wangu unaisha Juni. Juni si mbali.

Lakini wewe ni mtu wa maswali na mimi ndiye niliyekulea hivyo, basi nikupe mawili matatu ya kutafuna. Maboya ya kuokolea yana jina ambalo si la ua wala la nyota. Vijiko vya messi, chumba chetu cha kulia, vina jina la nne. Ukutani pembeni ya kitanda changu rangi ilibanduka, chini yake nikakuta mistari ya penseli ambayo mtu alikuwa akipimia urefu wa mtoto. Sasa niambie, nani alikuja na mtoto kwenye meli ya mafuta? Au chuma cha ukuta huu kilitoka kwenye nyumba gani?

Na juzi nilipeleka chai juu kwa afisa wa zamu. Redio ikaita jina letu, lile la nyota. Afisa akajibu kama kawaida, kwamba ndiyo, ni sisi. Sauti ile ikarudi. Ilikuwa sauti ya mzee, haina haraka. Ikasema, "Haiwezekani. Nilifanya kazi kwenye meli hiyo. Siku ilipopelekwa kukatwa, bendera niliishusha mimi." Ikauliza, "Ninyi ni akina nani?" Afisa akaizima redio. Tukatazamana, chai ikapoa. Tangu hapo tunazungumza kwa sauti ndogo, kama watu waliolala nyumba isiyo yao na wamesikia mlango.

Hayo ni ya mzaha, usiyabebe.

Usiniandikie tena habari za namba. Niandikie habari za geti la shule. Lile neno KARIBUNI nililolipaka, R yake bado ina mkia? Mwenye shule aliniambia niukate, eti unapita chini ya neno zima na kupinda juu mwishoni kama ndoana, watoto watajikwaa. Nilikataa. Popote nitakapoandika, mkia huo nitauweka, hata wanikataze. Unaujua kuliko mtu yeyote. Ulijifunzia kusoma chini yake.

Mjomba.


Nyumbani
29 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeelewa barua yako. Somo lile la jiografia nimelifungia kabatini.

R ya geti la shule ina mkia, mzima kabisa. R ya duka la mkate pia. Na R ya kinyozi, pale kwenye HODARI, ingawa kinyozi analalamika kwamba kichwa ulichomchorea pembeni yake kinafanana na kiazi na kinamfukuzia wateja. Nilimwambia wateja wanafukuzwa na mashine yake ya kunyolea. Akasema, "Umekuwa mjomba wako mtupu."

Mtaani watu wanazungumzia vita utadhani ni majirani. Kwenye foleni ya mkate mmoja anasema mlango-bahari utafunguliwa wiki ijayo, mwingine anasema mataifa makubwa yanagawana dunia kama keki, mama anasema atakayeshika mkate asinunue ataondoka na mkono bila mkate. Umeme unakatwa mchana kutwa ili urudi jioni. Mwenye duka amezima tanuri moja. Mama amebaki na lile dogo, na sasa anakaa wakati unga unaumuka, si kwa sababu nilimwambia.

Barua yako nilimsomea bibi. Niliruka mahali pa redio na mahali pa ukuta. Nilipomaliza akasugua goti, akasema, "Umeruka." Nikasema sijaruka. Akasema, "Mwanangu hawezi kuandika ukurasa mzima asilalamikie chakula. Ukiona hataji chakula, ujue kuna kitu kimekaa shingoni." Nikamwambia alitaja chai. Akasema, "Chai ilikuwaje?" Nikasema ilipoa. Hakuniuliza tena.

Juni imekaribia. Nimefua shuka la kitanda chako, limekauka, nimelitandika.

Mpwa wako.


Nyumbani
18 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui barua hii niipeleke wapi. Ile ya Mei imerudi. Mtu wa ofisi ya wakala ameipiga mhuri kwamba meli yenye jina hilo haijulikani. Naandika hivyohivyo, maana nisipoandika nitakuwa nimekubaliana na mhuri.

Bibi hajambo. Mama hajambo. Sitaki kuandika zaidi ya hapo kuhusu hajambo.

Jumatatu nilipita kwa kinyozi. Televisheni yake ilikuwa inaonyesha meli inayoelea yenyewe, imeegemea ubavu mmoja, moshi unatoka katikati. Mtangazaji alisema kuna kitu kiliipiga. Upande mmoja umesema si kombora lao, upande wa pili umesema si kombora lao. Nchi ya karibu imesema iko nje ya maji yake. Nchi ambayo bendera yake ilikuwa ikipepea imesema haijawahi kuiandikisha. Kinyozi akasema, "Tazama maajabu. Dunia nzima inaitazama na hakuna anayeitaka." Akatokea afisa mmoja mwenye tai, akasema boti ya kuokolea haipo mahali pake, kwa hiyo waliokuwemo wameshaondoka. Akaongeza kwamba hata hivyo jina ni la bandia, na namba ni ya meli iliyovunjwa zamani. Alisema hayo kama mtu anayefunga mkutano.

Ndipo picha ikasogea karibu, nyuma ya meli. Palikuwa na jina jipya, si la ua, si la nyota, ni jina la mwanamke. Rangi ilikuwa nyeupe sana. Na R ilikuwa na mkia.

Mjomba, sikupiga kelele. Nilitoka, nikasimama chini ya ubao wa kinyozi, nikatazama R ya HODARI, nikarudi ndani nikatazama televisheni. Kinyozi akazima mashine, mteja amenyolewa nusu. Akaja akasimama nami nje, akatazama, akarudi ndani, akatazama. Akasema polepole, "Huyo ni fundi wetu."

Nilikwenda dukani kumwita mama. Alikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Nilimwambia yote, namba, picha ya kukatwa, redio. Alinisikiliza bila kunikatiza, halafu akasema, "Kwa hiyo wewe ulijua tangu Machi, na ulikuwa unamaliza chakula." Nikasema sikuwa nakimaliza. Hakunigombeza. Alitoka nje akatazama juu, kwenye FURAHA, kana kwamba ubao ndio ungemjibu.

Jumanne walionyesha tena, picha mpya kutoka kwenye ndege. Tulikuwa kwa kinyozi sote, hata bibi, ameletewa kiti. Mimi ndiye niliyeona kwanza. Jumatatu mkia wa R ulikuwa mfupi, umeishia chini ya R yenyewe. Jumanne ulikuwa umefika chini ya herufi inayofuata.

Nilidhani ni macho. Mwalimu wa jiografia alikuja na simu yake akapiga picha ya televisheni. Jumatano mkia ulikuwa umepita chini ya jina zima. Alhamisi ulikuwa umeanza kupinda juu mwishoni. Mwalimu aliweka picha zile pamoja kwenye simu, akazipitisha kwa kidole moja baada ya nyingine, na mkia ukawa unakua kama mmea. Mtangazaji alikuwa akisema kwa mara nyingine kwamba meli haina mtu.

Bibi ndiye aliyesema. "Kama haina mtu, nani anaandika?"

Mwalimu ametusaidia kupiga picha ya geti la shule, ya duka la mkate na ya kinyozi. Tumeziweka pamoja na zile za meli, tumezituma kwa chama cha mabaharia. Mimi ndiye niliyeandika maelezo. Niliandika kwamba namba ya meli ni ya uongo na jina ni la uongo lakini mkono ulioandika jina ni wa kweli, ni wa mjomba wangu, na picha zinaonyesha kwamba mkono huo bado unafanya kazi. Leo asubuhi mama mmoja wa chama amempigia mwalimu. Alitaka kuzungumza na mimi. Aliniuliza, "Una uhakika na mkia huo, binti?" Nikamwambia nilijifunzia kusoma chini yake. Akasema anakata simu ili apige kituo cha uokoaji.

Sasa tunangoja. Shuka lako nimelifua tena.

Mpwa wako.


Hospitalini, bandarini
25 Agosti

Profesa,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa shikamoo zilizopotea njiani. Barua yako ya Julai imenifikia kwa mkono wa yule mama wa chama cha mabaharia. Niko kitandani. Mikono yangu yote miwili imefungwa bendeji, kwa hiyo haya anayaandika muuguzi na mimi nasema. Ana mwandiko mzuri, ila R zake hazina mkia na nimemwambia.

Mwambie bibi yako chakula cha hapa hakina chumvi, na mchuzi wao ukiuangalia unaiona sakafu. Naona atalala vizuri.

Nikueleze, kisha tusirudie. Alasiri moja nahodha alikuja na jina la tatu. Nikashushwa kwa kamba. Nililiandika haraka maana bahari ilikuwa mbaya, na R niliiwekea mkia mfupi, kipande tu, kwa sababu afisa aliyekuwa juu alikuwa anapiga kelele nimalize. Nilijiambia nitaumalizia kesho. Kesho yake tukapigwa. Sijui ni nani. Nilikuwa chumba cha mashine na wenzangu, tukasikia mlio, na mlango wa juu ukapinda kwa joto, haukufunguka tena. Nahodha na maafisa wake waliondoka na boti. Walichukua kabati la chuma, sisi hatukuwa ndani ya kabati.

Tulikaa huko chini tukipiga pampu kwa zamu na kugonga chuma. Mikono niliichoma siku ya kwanza, kwenye mlango. Ndege tuliisikia ikipita. Tuligonga. Ikaenda. Ikaja tena siku nyingine. Fundi wa umeme alisema wanatuhesabu kuwa maiti. Nikamwambia wala hawatuhesabu. Halafu siku moja tukasikia watu wakigonga kutoka nje, na moto wa kukatia chuma ukaingia kwenye mlango kama jicho.

Wametoka wote niliokuwa nao. Baba wa fundi wa umeme amepigiwa simu.

Waokoaji waliniuliza nimetoka meli gani. Swali jepesi, Profesa. Nikawatajia majina yote matatu, yule kijana wa uokoaji akadhani joto limenipanda kichwani.

Sasa sikiliza. Mama wa chama amenionyesha zile picha zenu. Nimeziangalia moja baada ya nyingine kama mlivyofanya. Sikuuchora mimi. Nilikuwa nimefungiwa chini na mikono haishiki kijiko. Nimewauliza wenzangu wote, kila mmoja alikuwa nami kule chini. Waokoaji wanasema ni rangi mbichi, niliichanganya na mafuta mengi, chuma kikapata moto ikatiririka. Huenda. Nimepaka rangi maisha yangu yote. Rangi inashuka. Haipandi juu mwishoni kama ndoana.

Nilikuwa namkumbuka yule mzee wa redio na swali lake, ila nimeacha.

Mama yangu usimwambie. Yeye mwambie niliuchora.

Mjomba.


Nyumbani
14 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Bibi alipomsikia yule mama wa chama akisema kwenye simu kwamba umeruhusiwa kusafiri, alisimama bila kushika ukuta. Baadaye akasema goti lilimwambia. Mama ameomba siku ya kuja kukupokea, mwenye duka amekubali, tanuri moja linaweza kumngoja. Unga haujashuka. Mlango-bahari walisema umefunguliwa, kisha wakasema umefungwa, kinyozi anasema waweke pazia tu.

Bibi nimemwambia uliuchora wewe. Akatazama mikono yangu muda mrefu, akasema, "Sawa." Naona alijua nimeruka tena.

Kazi ya jiografia nimeitoa kabatini nikaimaliza. Nimeandika mkate unatoka wapi kadiri nilivyoweza. Mwalimu amenipa alama nzuri, akaandika pembeni kwamba hitimisho halijakamilika. Ni kweli, sikuweza kulikamilisha.

Mama anasema ukija utaupaka upya ubao wa duka, mikono ikipona. Anasema mkia usiwe mrefu sana. Alisema hivyo akicheka, halafu akaacha.

Jambo moja nilitaka kukuficha, lakini nimechoka kuruka. Ijumaa, kipindi cha mwisho, mwalimu aliniruhusu kuandika ile namba tena. Meli yako imevutwa, imefungwa gatini, yule mama wa chama alituambia imezimwa kila kitu. Picha ya ile iliyokatwa ilikuja kama zamani, na lile pazia lake. Nikafungua ramani. Nukta ipo, Mjomba. Iko baharini, mbali na mahali ilipofungwa meli yenu, inakwenda polepole, ina namba ileile na jina jipya.

Mwalimu akauliza kama aifunge kompyuta. Nimemwomba aiache wazi. Huenda na humo ndani yumo mjomba wa mtu.

Mpwa wako akupendaye.